Saratani ya Umio na Mambo Yaliyoonekana Maabarani

Muhula uliopita, nilipokuwa nikiwafundisha Kidato cha Tatu habari za njia ya chakula mwilini, kijana mmoja aliinua mkono akauliza hivi: "Mwalimu, ikiwa wataalamu siku hizi waweza kuzisoma jeni za mtu herufi kwa herufi, mbona hawajatuambia ni kitu gani kinawaletea wazee wetu saratani ya koo?" Kengele ililia kabla sijafika nusu ya jibu, naye Mhariri wa gazeti hili, aliyekuwa ameketi dawati la nyuma, akanifuata nje akaniomba niliandike jibu zima. Basi hili hapa, kwa kadiri ya nafasi niliyopewa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Watu wengi husema "saratani ya koo", lakini ugonjwa wenyewe hauko kooni. Uko katika umio, yaani ule mrija wa nyama wenye urefu wa kama sentimita 25 unaopitisha chakula kutoka kooni hadi mfuko wa tumbo. Ziko aina mbili kubwa. Moja hutokea upande wa chini, kwa watu ambao asidi ya tumbo huwapanda mara kwa mara na kuunguza umio; hiyo imeongezeka sana Ulaya na Marekani. Ya pili huanzia katika utando laini unaofunika mrija kwa ndani, nayo ndiyo yetu. Ukitwaa ramani ya Afrika ukapiga mstari kutoka Ethiopia, ukashuka nao Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi upande wa mashariki wa Afrika Kusini, utakuwa umepita katika nchi ambazo aina hii huonekana mara nyingi kuliko sehemu nyingine za bara. Sisi wa nyanda za juu za Bonde la Ufa tumo ndani ya mstari huo. Na linalostaajabisha zaidi ni kwamba katika hospitali za huku wamepatikana wagonjwa ambao hawajafika umri wa miaka 30, jambo ambalo ni nadra sana Ulaya.

Dalili zake hazihitaji kuelezwa sana, maana wengi wenu mmeziona nyumbani. Mzee aanza kusema kwamba ugali unamkwama, na kila tonge hulisukuma kwa maji. Baada ya miezi michache anakula uji tu. Kisha maziwa tu. Kisha hata mate yake mwenyewe hayapiti. Shida kubwa ni kwamba umio hunyumbuka. Uvimbe waweza kukua muda mrefu huku chakula kikiendelea kupita pembeni, na siku tonge la kwanza linapokwama mrija umekwisha kuzibwa sehemu kubwa. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hufika kwa daktari wakiwa wamechelewa. Mwaka 2020 ugonjwa huu uliua watu wapatao 544,000 duniani.

Sasa tuingie maabarani. Utando wa umio umepangwa kwa tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Seli za tabaka la chini kabisa ndizo zinazogawanyika. Watoto wao husukumwa juu polepole hadi wafike uso wa mrija, na hapo hupukutika na kumezwa pamoja na chakula. Kila seli inapogawanyika lazima inakili DNA yake yote, ambayo ni herufi zipatazo bilioni 3, tena mara mbili, kwa kuwa nusu imetoka kwa baba na nusu kwa mama. Hakuna karani awezaye kunakili kitabu kikubwa namna hiyo bila kukosea. Makosa mengi hurekebishwa papo hapo, mengine hubaki, na mengi ya hayo yanayobaki hayana madhara. Lakini kosa likiangukia jeni inayoiamrisha seli ilale au igawanyike, hapo ndipo mashaka yaanzapo.

Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba habari inaishia hapo: kosa limeingia, saratani imezaliwa. Waliotia shaka mapema ni Berenblum na Shubik, ambao mwaka 1947 walichapisha majaribio yao juu ya ngozi ya panya. Waliwapaka panya kemikali iletayo saratani, mara moja tu na kwa kiasi kidogo, na uvimbe haukutokea ila kwa nadra. Waliwapaka wengine mafuta ya krotoni peke yake, mafuta yanayochoma ngozi na kuifanya iwe nyekundu. Nao vilevile hawakupata kitu. Lakini wale waliopakwa kemikali kwanza, kisha mafuta tena na tena kwa majuma mengi, walitokwa na uvimbe mwingi. Na ukigeuza mpango, mafuta yakatangulia na kemikali ikafuata, ngozi hubaki salama. Naomba mlikumbuke jaribio hili mpaka mwisho wa makala, kwa kuwa jibu la swali letu limefichwa humo.

Miaka zaidi ya 70 baadaye, mnamo 2018, wataalamu wa Uingereza, wengi wao wakiwa katika Taasisi ya Sanger karibu na Cambridge, walifanya jambo ambalo wengine wangeliona ni kupoteza wakati. Hawakuchunguza saratani. Walichukua umio wa watu tisa waliokufa kwa sababu nyingine, wa umri mbalimbali, umio mzima usio na ugonjwa, wakaukata vipande vidogo mno na kusoma DNA ya kila kipande. Walichokiona kiliwashangaza wengi. Katika umio wa mtu wa makamo, sehemu kubwa ya utando ulikuwa umekwisha kutawaliwa na koo za seli zilizobeba makosa ya jeni. Nasema koo kwa maana ile ile tunayoijua sisi: seli moja hupata badiliko linaloizidishia nguvu kidogo kuliko jirani zake, huzaa, watoto wake huzaa, na baada ya miaka ukoo mmoja umekalia ardhi iliyokuwa ya wengine. Makosa hayo yalikuwa katika jeni zile zile ambazo madaktari walizizoea kuzitazama katika saratani. Mwenye umio hakuumwa hata siku moja.

Kuna jeni moja iitwayo NOTCH1 ambayo ilizidi kuwachanganya. Kosa katika jeni hiyo lilionekana mara nyingi zaidi katika umio mzima kuliko katika saratani yenyewe! Ingekuwa ndiyo iletayo ugonjwa, hesabu ingekuwa kinyume. Mwaka 2021 baadhi ya wataalamu hao walionyesha sehemu ya jibu kwa panya. Waliwapa panya maji yenye nitrosamini, yaani kemikali ya jamii mojawapo ya zile zilizomo katika moshi wa tumbaku, na baada ya muda vikatokea vivimbe vidogo vidogo katika umio wao. Kisha vingi vikatoweka bila dawa yoyote. Vilisukumwa nje na koo zilizovizunguka, koo zenye makosa ya aina nyingine, zilizokuwa na nguvu kuliko vyenyewe. Kwa hiyo si kila badiliko ni adui. Mengine hulinda mpaka. Binafsi naona hili ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote yaliyogunduliwa katika biolojia tangu nilipoanza kufundisha.

Sasa turudi kwa kijana wetu na swali lake. Mambo mengine yanayoharibu DNA huacha alama zake, kama mnyama aachavyo nyayo. Jua likiunguza ngozi huacha namna moja ya makosa, moshi wa sigara katika mapafu huacha namna nyingine, na mtaalamu akisoma DNA ya uvimbe aweza kusema, "Hapa amepita fulani." Basi wataalamu wa Sanger na wale wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon, Ufaransa, walikusanya saratani za umio 552 kutoka nchi nane. Nyingine zilitoka mahali ambapo ugonjwa ni mwingi, kama Kenya, Tanzania, Malawi, Iran na China. Nyingine zilitoka ambapo ni haba, kama Uingereza. Walitumaini kwamba zile za kwetu zitakuwa na nyayo ambazo za Uingereza hazina, na kwa nyayo hizo wamjue mwizi.

Matokeo yalitoka mwaka 2021. Nyayo zilifanana kila mahali. Pombe ilionekana imepita, tumbaku imepita, na huko Iran kasumba nayo imepita, lakini kila moja kwa kiasi kidogo tu. Hapakuwa na nyayo hata moja za kitu cha nje ziwezazo kueleza kwa nini sisi tuugue sana na wengine wasiugue. Nyayo zilizozidi zilikuwa za mtu wa nyumbani: katika saratani karibu tisa kwa kila kumi zilionekana alama za vimeng'enya vya seli yenyewe, ambavyo kazi yake ya halali ni kuharibu virusi, lakini vikichochewa kupita kiasi hugeuka vikaikata DNA ya mwenye nyumba. Alama hizo zilikuwa wastani wa robo ya makosa yote.

Mtu mvivu wa kufikiri atasema utafiti huo haukufaulu. Mimi nasema ulifaulu sana, maana ulifunga mlango mmoja na kutuonyesha mwingine. Kumbukeni mafuta ya krotoni. Yale hayakuandika kosa lolote katika jeni za panya. Yalijeruhi tu, jeraha likapona, likajeruhiwa tena, na katika kule kupona seli zililazimika kugawanyika mno, na zile zilizokwisha kuwa na kosa zikapata nafasi ya kuenea. Kitu cha namna hiyo chaweza kuzidisha saratani katika nchi nzima bila kuacha nyayo hata moja katika DNA.

Je, ni kitu gani tukinywacho au tulacho kila siku ambacho hujeruhi umio? Kimojawapo, na naomba wapishi wasinikasirikie, ni moto wa chai. Sisemi chai, nasema moto wake. Katika jimbo la Golestan, kaskazini mwa Iran, ambako saratani hii ni nyingi mno, wataalamu walipima kwa kipimajoto chai waliyoinywa watu 48,582, wakalinganisha pia wagonjwa 300 na watu wazima 571. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliosema hunywa chai ya moto walikuwa katika hatari mara mbili ya wale wanaoinywa vuguvugu, na walioinywa ya moto sana mara nane. Kule Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu walianza kunywa chai yao ikiwa na wastani wa zaidi kidogo ya nyuzi 70 za Selsiasi, na chai ya maziwa ilinywewa ikiwa na moto zaidi kuliko ya rangi. Mwaka 2016 lile Shirika la Lyon lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto lipitalo nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Walisema "huenda", nasi tuliheshimu neno hilo. Lakini walikuwa na majaribio ya panya pia: maji ya moto namna hiyo yakiongezwa juu ya nitrosamini, uvimbe wa umio huzidi. Hiyo ni krotoni ya Berenblum imerudi kwa sura nyingine.

Wako washukiwa wengine, nami nitawapitia upesi. Pombe ni mshukiwa aliyekwisha kuhukumiwa, hasa kwa sababu mwili huigeuza kuwa asetaldehaidi, kitu kinachoharibu DNA. Tumbaku vivyo hivyo. Hata hivyo kuna akina mama wa huku ambao hawajapata kuonja chang'aa wala kushika sigara, nao wameugua. Mursik nayo ilitajwa mwaka 2013, baada ya baadhi ya maziwa yaliyopimwa kuonekana yana asetaldehaidi. Kushukiwa si kuhukumiwa, wala sitaki barua kutoka kwa wazazi juu ya jambo hilo.

Kwa kuwa safari kutoka kosa la kwanza hadi saratani huchukua miaka mingi, yafaa kuuliza kama mtu aweza kuonekana akiwa bado njiani. Aweza, na kwa dawa mliyo nayo katika rafu ya maabara yetu. Mwajua kwamba iodini ikidondoshwa juu ya wanga hugeuka rangi ya buluu nyeusi. Seli nzima za umio huweka akiba ya glaikojeni, ambayo ni kama wanga wa wanyama, na iodini ikizigusa hugeuka rangi ya kahawia. Seli zilizoanza kupotoka hazina akiba hiyo, hivyo hubaki nyeupe au za manjano. Daktari huteremsha mrija mwembamba wenye taa na kamera, hunyunyiza iodini, na mahali palipokataa rangi hukata kipande kidogo cha kutazamwa kwa hadubini. Huko Linxian, China, watu waliochunguzwa hivyo walifuatiliwa kwa miaka 13 na nusu. Kati ya wale ambao seli zao zilikuwa zimepotoka kidogo, kama robo walipata saratani. Waliopotoka kwa kiasi, nusu. Waliopotoka sana, karibu robo tatu. Na hapa kwetu, Bomet, madaktari wa hospitali ya Tenwek walipowachunguza watu wazima 305 wasio na dalili yoyote, waliona kupotoka kwa namna hiyo katika watu 44. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2016. Wengi wa hao 44 walikuwa katika daraja la chini, ambalo si lazima lifike mwisho wa njia.

Akikutwa katika hatua hiyo, mgonjwa aweza kukwanguliwa sehemu mbovu kwa mrija ule ule bila kupasuliwa. Akichelewa kidogo, kuna upasuaji wa kuondoa umio na kulivuta tumbo juu ili lishike nafasi yake. Ni kazi nzito, na mara nyingi hutanguliwa na mionzi na dawa. Dawa mojawapo, sisplatini, ilipatikana kwa njia ambayo kila mwanafunzi wa sayansi angepaswa kuijua. Mwaka 1965 huko Michigan, Marekani, Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme katika maji yenye bakteria ili aone kama umeme unagusa mgawanyiko wao. Bakteria waliacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi, hadi mara 300 ya kimo chao. Umeme haukuwa umefanya lolote. Vipande vya platinamu vilivyopitisha umeme, ambavyo alivichagua kwa sababu husemwa haviathiriki na kitu, vilikuwa vimeyeyuka kidogo, na mchanganyiko huo ndio uliowazuia. Rosenberg akajiuliza: kinachozuia bakteria kugawanyika chaweza kuzuia seli ya saratani? Ilipofika mwaka 1978 dawa hiyo iliruhusiwa Marekani. Hushika nyuzi mbili za DNA zisiachane, na seli ikitaka kugawanyika hukwama. Huumiza figo na kuleta kichefuchefu kikali, na haiwezi peke yake kumponya aliyechelewa.

Dawa mpya zaidi huacha seli ya saratani na kuwashughulikia askari wa mwili. Mwaka 1992 Tasuku Honjo na wenzake, Kyoto, Japani, waligundua kitu kama breki juu ya seli za kinga. Saratani hukanyaga breki hiyo ili isishambuliwe. Dawa zinazoiachilia breki zinatumika sasa kwa saratani ya umio, naye Honjo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison. Bei yake ni mlima kwa mkulima wa huku. Wagonjwa wetu wengi husaidiwa kwa kuwekewa bomba la waya mahali palipoziba, ili angalau waweze kumeza uji na maziwa katika siku zilizobaki. Si haba, waulizeni walioona mzee akila tena baada ya majuma ya njaa.

Jumamosi moja mimi na wanachama watatu wa Chama cha Sayansi tulipima chai ya bwaloni. Ilipochotwa kutoka sufuriani na kutiwa katika kikombe cha plastiki ilikuwa na nyuzi 78. Baada ya dakika tano ilikuwa bado nyuzi 70. Ilipita dakika kumi ndipo ikashuka chini ya 65, na mapumziko ya chai, kama mjuavyo, ni dakika 15 pamoja na kusimama mstarini. Nimekwisha kumwomba mwalimu wa zamu chai imiminwe katika vikombe kabla ya kengele, naye amekubali tujaribu tangu juma la pili la muhula ujao.

Atakayependa kupima chai ya kwao wakati wa likizo na aje kwa mtunza maabara achukue kipimajoto na karatasi. Yaandikwe mambo matatu: joto la chai inapomiminwa, joto lake mzee anapopiga funda la kwanza, na dakika zilizopita kati ya hayo mawili. Kipimajoto kitiwe katika kikombe cha pembeni, kisitiwe kamwe katika kile kitakachonywewa, kwa maana hatujui kilipita katika kemikali gani kabla ya kufika mkononi mwako.